Ndege wa Visiwani Baringo: Mwezi wa Mei Una Nini, na Maji Yamebadilisha Nini

Kila mwaka mvua za masika zinapokaribia kuisha, Ziwa Baringo huwa na wageni wa aina mbili. Wa kwanza ni ndege wanaoaga na kuelekea kaskazini. Wa pili ni watu wanaokuja kuwatazama ndege waliobaki, ambao wakati huo wanajenga viota, wanaatamia na kulisha makinda. Kwa manahodha wa boti na waongoza watalii wa Kampi ya Samaki, mwezi wa Mei si msimu wa kufungua mifuko ya kulalia na kusubiri watalii wa Agosti. Ni mwezi wa kazi.

Hata hivyo, ziwa ambalo mgeni wa leo huliona si lile la miaka ishirini iliyopita. Maji yamepanda, visiwa vimebadilika sura, na misitu ya migunga imekufa ikiwa imesimama majini. Makala haya yanaeleza kwa nini ziwa lilifurika, mabadiliko hayo yamewafanya nini ndege na wakazi, na jinsi safari ya kutazama ndege inavyoweza kufanywa kwa usalama bila kuharibu viota.

Ziwa lisilo na mlango wa kutokea

Ziwa Baringo liko katika Bonde la Ufa, takriban kilomita 20 kaskazini mwa Marigat. Hupokea maji ya mito ya Molo na Perkerra, pamoja na mito ya msimu kama Ol Arabel, Mukutan na Endao. Maji hayo hutoka milima ya Tugen, msitu wa Mau na nyanda za juu za Laikipia. Mvua inayonyesha mbali na ziwa, mahali ambapo mkazi wa Salabani hawezi hata kuliona wingu lake, huishia mlangoni pake.

Hakuna mto unaotoka ziwani. Maji hupungua kwa njia mbili tu: mvuke unaopanda kwa joto la jua, na maji yanayopenya chini kwa chini kupitia nyufa za miamba ya volkano kuelekea kaskazini. Upenyo huo ndio unaofanya maji ya Baringo yabaki baridi yasiyo na chumvi, tofauti na ya jirani yake, Ziwa Bogoria. Ziwa la aina hii ni kama sufuria. Maji yanayoingia yakizidi yanayotoka, hata kwa kiasi kidogo lakini kwa miaka mingi mfululizo, kiwango hupanda na kumeza kingo.

Ndivyo ilivyotokea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wasiwasi ulikuwa kwamba ziwa linakauka, kwani wastani wa kina chake ulikuwa umeshuka chini ya mita 3. Kuanzia mwaka 2010 hali iligeuka. Kufikia 2013 maji yalikuwa yameingia katika hoteli, kambi na nyumba za Kampi ya Samaki. Mwaka 2020 yalipanda zaidi, yakafunika sehemu za barabara ya Marigat kwenda Loruk, shule, vituo vya afya na mashamba. Ziwa lililokuwa na ukubwa wa takriban kilomita 130 za mraba lilikaribia kilomita 200 za mraba.

Baringo haikuwa peke yake. Maziwa ya Bogoria, Nakuru, Elementaita, Naivasha na Turkana yalipanda pia. Ripoti ya serikali ya kitaifa iliyotolewa mwaka 2021 ilieleza kwamba zaidi ya familia 75,000 katika kaunti 13 ziliathiriwa na kupanda kwa maziwa. Sababu kuu iliyotajwa ni kuongezeka kwa mvua kutokana na mabadiliko ya tabianchi. Sababu ya pili ni uharibifu wa ardhi katika vyanzo vya maji. Miti ikikatwa na mlima ukiachwa wazi, mvua haipati nafasi ya kunywewa na udongo. Huteremka kwa kasi ikiwa imebeba matope, na matope hayo hutua ziwani na kupunguza nafasi ya maji. Wataalamu pia wamechunguza mchango wa mienendo ya ardhi chini ya Bonde la Ufa.

Visiwa vinavyozaliwa na kuzama

Idadi ya visiwa vya Ziwa Baringo haina jibu moja, kwa kuwa hutegemea kina cha maji. Maji yakishuka, vilima vilivyozama hujitokeza. Yakipanda, visiwa vya chini hutoweka na rasi hukatwa kutoka nchi kavu.

Kisiwa kikubwa zaidi ni Ol Kokwe, ambacho wengi hukiita Kokwa. Ni mabaki ya volkano, na hadi leo kuna sehemu zinazotoa maji moto na mvuke. Wakazi wake ni Wailchamus, jamii inayozungumza lahaja ya Kimaa na ambayo tangu zamani imeunganisha ufugaji na uvuvi. Wavuvi wao hutengeneza vyombo vidogo kwa miti myepesi ya mambachi inayoota kando ya ziwa. Mvuvi huketi nusu ndani ya maji, akipiga kasia mbili ndogo kwa mikono. Kwa Wailchamus wa Kokwa, boti si starehe. Ni njia ya kwenda sokoni, hospitalini na shuleni, na kila maji yanapopanda safari ya kufika ng'ambo hurefuka.

Mfano unaojulikana zaidi wa kisiwa kilichozaliwa na mafuriko ni Longicharo. Mwaka 2011, twiga 8 wa aina ya Rothschild walipelekwa huko kilipokuwa bado rasi iliyounganishwa na nchi kavu, katika hifadhi ya jamii ya Ruko. Jina Ruko limetokana na Rugus na Komolion, maeneo ya jamii mbili, Wailchamus na Wapokot, zilizoamua kuanzisha hifadhi ya pamoja baada ya miaka ya uhasama. Maji yalipopanda, rasi ikawa kisiwa na twiga wakanaswa. Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021, twiga 9 waliokuwa wamebaki huko walivushwa mmoja mmoja au wachache kwa wakati, kwa jahazi la chuma lililoelea juu ya mapipa. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), wahifadhi na wanajamii walishirikiana katika kazi hiyo.

Twiga walihitaji jahazi. Ndege hawahitaji. Kwao, kisiwa kilichozungukwa na maji mengi kinaweza kuwa mahali salama kuliko nchi kavu, kwa kuwa nguchiro, mbweha na paka-mwitu hawafiki kwa urahisi kula mayai. Lakini kisiwa hichohicho kinaweza kuwa mtego, iwapo kiota kimejengwa chini na maji yakapanda usiku mmoja baada ya mvua ya Mau.

Wanaoondoka na wanaobaki

Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na katika Ziwa Baringo na mazingira yake zimewahi kuonekana zaidi ya aina 450. Ziwa liliorodheshwa mwaka 2002 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Sifa yake kwa watazamaji wa ndege ni ya miaka mingi. Mnamo Novemba 1986, timu ya watazamaji watatu, akiwemo mtaalamu Terry Stevenson aliyeishi Baringo, ilihesabu aina 342 za ndege ndani ya saa 24 nchini Kenya. Rekodi hiyo ya dunia ilidumu hadi 2014, ilipovunjwa nchini Peru.

Ili kuelewa mwezi wa Mei, ni vizuri kuwagawa ndege katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni wahamaji wa kutoka Ulaya na Asia. Hawa hufika Kenya kuanzia Septemba wakikimbia baridi, hukaa hadi Machi, kisha huanza kurejea. Mbayuwayu wa Ulaya, keremkerem wa Ulaya, vitwitwi wa matopeni, na wale ndege wadogo wa manjano wanaotikisa mkia kando ya ng'ombe, wote wamo katika kundi hili. Huko kwao majira ya kuchipua yamefika, siku zimerefuka na wadudu wamejaa, hivyo chakula cha makinda kinapatikana. Kabla ya kuondoka, hula kwa pupa na kujaza mafuta mwilini. Mbayuwayu mwenye uzito wa takriban gramu 20 huvuka jangwa na bahari kwa akiba hiyo. Wengi huwa wameondoka kufikia katikati ya Mei. Anayetembelea ziwa mwishoni mwa mwezi anaweza bado kukuta kitwitwi mmoja mmoja kwenye matope. Mara nyingi huyo ni ndege mchanga ambaye hajafikia umri wa kuzaa na hana haraka ya safari.

Kundi la pili ni wenyeji. Kwao, mvua ndiyo ishara ya kuzaa. Nyasi zimeota, wadudu wamejaa, na makinda yatapata chakula. Hii ndiyo sababu mtu anayekuja Mei haoni ndege wengi wa kigeni, lakini huona maisha ya ndege wa Baringo kwa ukaribu kuliko mwezi mwingine wowote.

Safari ya asubuhi majini

Safari nyingi za kutazama ndege huanza Kampi ya Samaki kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi. Kuna sababu mbili za kuwahi. Kwanza, ndege hula na kuimba zaidi kabla ya joto kupanda. Pili, ziwa huwa tulivu asubuhi, ilhali upepo wa alasiri huweza kuinua mawimbi makubwa kwa muda mfupi.

Hatua ya kwanza huwa katika migunga iliyokufa. Miti hiyo ilikuwa ufukweni. Maji yalipofunika mizizi yake, mizizi ilikosa hewa na miti ikafa katika kipindi kifupi. Leo matawi yake makavu ni makao ya minandi na mbizi, ndege weusi wenye shingo ndefu wanaozama kutafuta samaki. Manyoya yao hulowa maji, ndiyo maana baada ya kuvua hupanda tawini na kutandaza mabawa ili yakauke. Juu ya miti mirefu zaidi hukaa furukombe, tai mwenye kichwa cheupe ambaye sauti yake husikika kote ziwani. Mdiria mweusi na mweupe huelea hewani mahali pamoja, kisha hujitupa majini kichwa kikitangulia.

Wageni wengi hupenda kuona furukombe akinyakua samaki. Nahodha hupiga mluzi, kisha hurusha samaki mdogo aliyechomekwa kipande cha mti mwepesi ili asizame. Tai huteremka na kumnyakua kwa kucha. Ni tendo la kuvutia na limewapatia manahodha kipato kwa miaka mingi. Waongoza watalii wenye uzoefu hulifanya kwa kiasi, mara moja au mbili kwa safari, ili ndege asizoee kungoja boti badala ya kuwinda mwenyewe.

Hatua ya pili ni kwenye mambachi na matete ya maji mafupi. Hapa kwera, ndege mfumaji, huwa kazini. Dume hufuma kiota kwa majani mabichi ya nyasi, hukining'iniza kwenye ncha ya tawi lililoinamia maji, kisha hupiga mabawa kumwita jike. Jike huingia na kukikagua. Asiporidhika huondoka, na mara nyingi dume hukibomoa na kuanza upya. Kuning'iniza kiota juu ya maji ni ulinzi dhidi ya nyoka na tumbili. Miongoni mwa kwera wa Baringo yumo aina ya kaskazini mwenye barakoa nyeusi usoni, ambaye watazamaji wengi husafiri hadi ziwa hili mahsusi kumtafuta. Kwenye majani ya yungiyungi hutembea ndege mwekundu-kahawia mwenye vidole virefu mno, vinavyosambaza uzito wake asizame. Kwa ndege huyo, dume ndiye anayeatamia mayai na kulea makinda.

Hatua ya tatu ni visiwa vidogo vya mawe. Hapa hukaa koikoi mkubwa kuliko wote duniani, anayesimama kwa urefu wa karibu mita moja na nusu. Huwinda peke yake kwa subira, akisimama bila kutikisika kwa muda mrefu, na anahitaji mahali pasipo na bughudha ili alee makinda. Ziwa Baringo ni miongoni mwa maeneo yanayojulikana sana kwa ndege huyu nchini Kenya.

Baada ya kurejea nchi kavu, waongoza watalii huwapeleka wageni kwenye magenge ya mawe magharibi mwa ziwa. Huko huonekana hondohondo wa magengeni na tai mweusi. Mchana, miongoni mwa migunga iliyo hai, huonekana bundi wadogo waliolala tawini. Katika jamii nyingi bundi huhusishwa na mikosi, na wengine humpiga mawe wanapomwona. Waongoza watalii wa Baringo wamejifunza thamani nyingine ya ndege huyo. Bundi mmoja anayelala mti uleule kila siku huleta wageni mwaka mzima, na usiku huwinda panya wanaoharibu nafaka ghalani.

Mafuriko yaliwanufaisha ndege?

Jibu ni ndiyo kwa baadhi, na kwa muda. Miti iliyokufa imewapa minandi, mbizi na furukombe mahali pa kulala na kujenga viota. Maji mafupi yaliyotanda kwenye malisho ya zamani yaliwapa yangeyange na ndege wengine wa majini sehemu mpya za kutafuta vyura, samaki wadogo na wadudu.

Lakini faida hiyo ina mwisho. Mti mkavu uliosimama majini huoza na kuanguka baada ya miaka kadhaa, na mgunga mpya hauwezi kuota chini ya maji. Miti hiyo ikikatwa kwa ajili ya kuni au mkaa, muda huo hufupishwa zaidi. Ndege wa vichaka vya ufukweni walipoteza makao moja kwa moja. Viota vilivyo chini hufurika. Matope yanayoletwa na mito huchafua maji, na ndege wanaowinda kwa macho hupata taabu kuona samaki.

Katika Ziwa Bogoria athari ni tofauti. Heroe wadogo hutegemea mwani unaostawi katika maji ya magadi. Maji ya mvua yanapozidi, magadi hupungua makali, mwani hupungua, na heroe hutawanyika kwenda maziwa mengine. Baadhi ya chemchemi za maji moto zilizokuwa kivutio pia zilifunikwa. Kwa kuwa umbali kati ya maziwa haya mawili umepungua, kumekuwa na hofu kwamba yakiendelea kupanda yanaweza kukutana. Maji ya chumvi ya Bogoria yakiingia Baringo, samaki wa maji baridi na wavuvi wanaowategemea watakuwa hatarini, na pamoja nao furukombe, koikoi na mdiria.

Kwa wakazi, hesabu ni nzito. Maelfu walihama nyumba zao. Hoteli zilipofungwa, wapishi, wahudumu, walinzi na waongoza watalii walipoteza ajira. Viboko na mamba walisogea karibu na makazi kwa sababu ukingo wa maji ulisogea, na mazalia ya mbu yaliongezeka. Kutazama ndege hakuwezi kufidia hasara hiyo yote. Lakini ni miongoni mwa shughuli chache ambazo mafuriko hayakuziua, na hazihitaji jengo kubwa la hoteli. Zinahitaji boti salama, nahodha anayelijua ziwa, mwongozaji anayewajua ndege, na ndege wenyewe.

Usalama kwanza

Mafuriko yamelifanya ziwa kuwa na hatari ambazo hazikuwepo awali. Chini ya maji kuna visiki, nguzo, nyaya za ua na kuta za majengo. Nahodha asiyejua kijiji kilikuwa wapi anaweza kugonga paa. Wageni na wakazi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

Kila abiria avae jaketi la kuokolea tangu boti linapoondoka hadi linaporudi, si kulikalia wala kuliweka miguuni. Mtoto apewe jaketi la ukubwa wake.

Boti lisibebe watu kupita idadi iliyoidhinishwa. Vyombo vya majini hukaguliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA), na abiria ana haki ya kuuliza kama boti limekaguliwa.

Safari ifanyike asubuhi. Upepo ukianza, boti lirudi hata kama muda uliolipiwa haujaisha.

Boti lisikaribie viboko wala kupita kati ya kiboko na maji yenye kina, wala kati ya mama na mtoto. Kiboko akizama ghafla karibu na boti, nahodha aondoke taratibu mbali na mahali alipozama.

Hakuna kuogelea, kuosha vyombo wala kutia mikono majini. Mamba wapo hata mahali ambapo maji yanaonekana mafupi.

Bei na muda wa safari vikubaliwe kabla ya kupanda boti.

Mtu akijeruhiwa au kuuawa na mamba au kiboko, tukio liripotiwe mara moja kwa ofisi ya KWS iliyo karibu na kwa kituo cha polisi, na majeruhi atibiwe na kupewa stakabadhi za hospitali. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa jeraha lililosababisha ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Madai hupitia kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia kabla ya kuidhinishwa. Familia nyingi hukwama kwa kukosa ripoti na stakabadhi za siku za mwanzo, ndiyo maana kuripoti mapema ni muhimu.

Adabu ya kutazama

Mwezi wa Mei, kosa dogo la mtazamaji linaweza kuua makinda. Koikoi anayeatamia akitishwa huondoka na kuacha mayai wazi. Jua la Baringo huweza kuyaharibu kwa muda mfupi, na ndege wengine walao mayai hawachelewi kufika. Boti likipita kwa kasi karibu na matete, mawimbi yake hupindua viota vilivyo karibu na maji.

Kanuni ya manahodha wazoefu ni rahisi: ndege akiinua kichwa na kuacha alichokuwa akifanya, boti limekaribia vya kutosha. Akianza kusogeasogea au kulia, boti limepita kiasi na linafaa kurudi nyuma. Karibu na viota, injini ipunguzwe kasi au izimwe na boti lisukumwe kwa kasia. Mgeni asishuke kwenye visiwa vidogo vya mawe vyenye viota. Mtu asikate tawi ili apate picha nzuri, kwa kuwa tawi hilo ndilo linaloficha kiota dhidi ya jua na adui. Mayai na makinda yasiguswe wala kuchukuliwa.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Darubini husaidia sana, na waongozaji wengi wanazo. Kofia, maji ya kunywa, nguo za mikono mirefu na za rangi iliyopoa, na dawa ya kufukuza mbu vinatosha. Simu iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa.

Kwa nini kuhesabu ni muhimu

Kila Januari, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, KWS, Nature Kenya na watu wa kujitolea huhesabu ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa. Zoezi hilo limeendelea tangu mapema miaka ya 1990. Takwimu zake ndizo zinazoonyesha kama ndege fulani wamepungua, wamehama ziwa au wameongezeka, na husaidia kutambua mapema tatizo la maji kabla halijaonekana kwa macho. Aidha, Siku ya Kimataifa ya Ndege Wahamaji huadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba, wakati ndege wanapoondoka na wanaporudi.

Mchango wa mkazi hauhitaji shahada. Mvuvi anayejua mwezi ambao mbayuwayu huondoka, mwanafunzi wa Kokwa anayehesabu viota vya kwera kwenye mti mmoja kila wiki, na nahodha anayeandika tarehe, mahali na aina ya ndege aliyemwona, wote wana taarifa ambayo mtafiti anayefika mara moja kwa mwaka hawezi kuipata. Klabu za mazingira shuleni zinaweza kuanza na daftari moja na mti mmoja.

Kinga ya ziwa, hata hivyo, huanzia mbali na ufuo. Mkulima wa milima ya Tugen anayechimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, mfugaji anayeacha ukingo wa mto uote nyasi, na familia inayopanda miti ya kiasili shambani hupunguza matope yanayofika Baringo. Watu hao huenda wasimwone koikoi mkubwa maishani mwao. Lakini kisiwa cha mawe anachotagia kitabaki juu ya maji, au kitazama, kwa kutegemea pia kinachofanyika shambani mwao mvua inaponyesha.